Kovu Nyuma ya Kanisa

...na wingu bado limelala kule bondeni, halina haraka, tumbo langu limeshalowa kwa umande wa nyasi, jicho kwenye kamera, kidole juu ya kitufe, na mtaa wetu uko juu ya meza fupi mbele yangu, vijinyumba vya kadibodi na udongo, vigae nilivyovikata kimoja kimoja kwa wembe, kanisa, benchi la kinyozi, na nyuma yake mlima wenyewe, mlima wa kweli, nimesogeza meza mpaka ukingo wake umepotea na mtaa unaonekana umekaa palepale ulipokaa kabla tope halijaufukia... nikipiga picha sasa hakuna atakayejua ni nyumba za kimo cha kikombe, wataiona kanisani siku ya misa ya kumbukumbu na watasema Nohemí ameturudishia mtaa, lakini lile kovu jekundu ubavuni mwa mlima, pale ulipomeguka, linaingia tu kwenye picha hata nigeuze lenzi vipi, ndiyo maana nangoja wingu lipande, lilifunike, kidogo tu... "Utaota mizizi hapo chini," anasema Mama kutoka kwenye kiti chake cha plastiki nyuma yangu, "njoo unywe kahawa, inapoa," na mimi, "Naja, Mama, usisimame, kivuli chako kinaangukia mtaa," maana ameshasimama, kivuli kimetambaa juu ya mapaa, kimemeza nyumba ya jirani yetu don Gildardo, kimemeza ya kinyozi, kinaijia yetu, hivi ndivyo tope lilivyokuja? giza kwanza au sauti kwanza? hakuna aliyebaki wa kuniambia, sisi tulikuwa ng'ambo ya mto kwenye ubatizo, tunakula nguruwe wa kuchoma, mvua inapiga mabati, na kaka yangu Arcesio amebaki nyumbani kwa sababu ya jino, jino tu, kasimama mlangoni amejifunga kitambaa cha Mama kutoka kidevuni mpaka utosini, shavu limevimba kama ameficha chungwa, nikamwambia umependeza, bibi harusi, akanirushia ndala... "Mbona mlango wetu mtupu?" anauliza Mama, ameshaketi tena, "Arcesio yuko wapi?" na mimi, "Yuko mfukoni," "Mfukoni anafanya nini?" anafanya nini, nimemfinyanga mara ngapi, shati jeupe, nywele zimechanwa, mzuri, na kila nikimweka mlangoni anageuka mgeni aliyekuja kuulizia njia... namtoa kwenye pamba, nampa kwa mkono wa nyuma, nasikia kiti kinalia, najua anamsogeza kwenye jicho lake moja linaloona, halafu, "Huyu nani?" "Mama, tafadhali," "Nakuuliza, huyu karani wa benki ni nani? Mwanangu siku ile alikuwa na shavu," "Lakini watu watamwona," "Si wamwone, kwani hawakumjua? Mwekee shavu lake, na kitambaa changu cha maua," kisha, taratibu, kama anayezungumzia bei ya viazi, "na hilo wingu unalolingoja, mwanangu, mimi kovu lile naliangalia kila asubuhi nikifungua dirisha la jikoni, kabla sijawasha moto, namsalimia mwanangu, sasa wewe unamficha nani?" ...unamficha nani, na mimi siku zote hizi nilisema ni kwa ajili yake, moyo wake mgonjwa, asione, nikamnunulia hata pazia la dirisha lile, pazia ambalo sasa nakumbuka sijawahi kulikuta limefungwa, na ni mimi niliyeweka meza yangu ya kazi ikiutazama ukuta, ni mimi ninayepita njia ya nyuma kwenda sokoni, mlima uwe mgongoni... nyuma yangu anapekua mfuko wa udongo, namsikia akiulowesha kwa mate, vidole vyake vya kukanda arepa za unga wa mahindi vinafinya, vinabandika, "Limetosha?" anauliza, "au nizidishe? Lilikuwa kubwa, lile," na kule bondeni wingu limeanza kunyanyuka, jeupe, zito, linapanda na miti ya chini inapotea mmoja baada ya mwingine, nami nimelala palepale, kidole palepale, namwomba Mungu lichelewe kulifunika kovu, lichelewe kidogo tu, mpaka Arcesio afike mlangoni.