Isale la Martin

Mimi ndiye niliyemfundisha Martin habari za isale. Naanza na hilo, ili mkinisikia namlaumu mjue nami nimo.

Ilikuwa mwaka 1996. Martin alikuwa mzungu mwenye karakana ya kuchapa fulana za watalii Moshi mjini, nami nilikuwa mkalimani wake, napanda naye mlimani, Kibosho, kutafuta mafundi wa michoro. Alikuwa mpole, akivua kofia kabla ya kusalimia, na shikamoo yake ilikuwa safi kuliko ya watoto wetu. Nilijivuna naye. Siku moja, tukipita mpakani mwa kihamba, shamba la ukoo, nikamwonyesha majani marefu ya isale. Nikamwambia, ukimkosea Mchaga, hata kosa liwe kubwa namna gani, mpelekee jani hili limefungwa fundo. Hawezi kulikataa, maana akilikataa mkosi unamrudia yeye. Martin akaandika kwenye daftari lake.

Fundi tuliyempata ni baba yangu mdogo, Sirili, mchora vibuyu. Alikubali michoro ya vibuyu vyake vya kuuza ipigwe picha na kuchapwa, hakuna ubaya. Lakini jikoni, juu ya moshi, kilining'inia kibuyu kidogo cha maziwa cha Yuditha, bintiye aliyefariki akiwa na miaka sita. Kilichorwa mistari mitatu ya maji ya mfongo, ule mfereji wa shambani ambao mtoto hakuchoka kuuchezea, na katikati ya maji nukta moja. Nukta ndiyo Yuditha. Mchoro ule Sirili hakuurudia popote. Akasema hicho hapana. Nikatafsiri, Martin akaitikia kwa kichwa, na sijui picha aliipiga saa ngapi.

Miezi mitatu baadaye Sirili akauona mchoro ule kwenye fulana, mgongoni mwa mpagazi anayeshuka mlimani, umelowa jasho. Alikuja kwangu mjini, Pasua, kwa miguu, hata chai hakunywa.

"Magreth, mwambie autoe," alisema. "Hilo tu."

Nikamwambia Martin. Alisikitika kweli, macho yakamlowa. Jumamosi akapanda Kibosho na isale mkononi, fundo limekazwa vizuri kuliko ambavyo ningelikaza mimi. Akapiga goti uani. Baba mdogo akalitazama jani, kisha akanitazama mimi. Mkewe, Bernadetha, akageukia migomba. Nilitaka kupiga kelele kwamba huyu hajui alichoshika, lakini alijua, mwalimu wake si mimi? Mkono wa mzee ukanyooka polepole, ukapokea. Wakanywa mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa kata moja.

Jumatatu nikamwuliza Martin fulana zitaondolewa lini dukani. Akashangaa, tena kwa moyo safi kabisa.

"Kwani Magreth, si amenisamehe?"

Nikamweleza kwamba isale linafuta kosa lililopita, halimpi mtu ruhusa ya kuendelea nalo. Akasema mwanzoni sikueleza hivyo. Kweli sikueleza. Nani angedhani jambo kama hilo linahitaji kuelezwa?

Nikapanda tena kumsihi baba mdogo twende kwa mwenyekiti wa kijiji. Akakataa. Aliyepokea isale hafungui shauri tena, akasema, na nisiyarudie maneno hayo nyumbani kwake. Wanasema mjumbe hauawi. Siku ile natamani wangeniua. Niliacha kazi, na pengo langu likazibwa wiki hiyohiyo. Fulana ziliendelea kuuzwa, za bluu na za kijani.

Krismasi tulikuwa uani kwa Sirili, ndugu wote tumerudi nyumbani, nyama iko jikoni. Martin akatokea kwenye njia ya migomba, kofia ameivua, isale mkononi. Tukatazamana. Hakuna aliyejua kosa la safari hii ni lipi.

Hata kabla hajapiga goti, baba mdogo alikuwa ameshanyoosha mkono, analia.