Sidii ya Harusi ya Geita

Kompyuta ya Onesmo ilivaa vizuri kuliko watu wengi wa mtaa wa Kambarage. Mkewe, Elieth, aliifumia vitambaa vyeupe vya maua alipokuwa na mimba ya Gregory: kimoja cha kioo, kimoja cha kibodi, na lile boksi lenyewe akalifumia gauni kamili, likalizunguka pande zote hadi chini. Akalitia wanga mzito na kulipiga pasi mpaka likaweza kusimama lenyewe. Redio ilikuwa na la kwake, na friji la kwake. Mwanamke anayejiheshimu haachi chombo cha maana kikae uchi sebuleni, na Elieth alijiheshimu sana.

Sasa kompyuta hiyo hiyo ndiyo ilikuwa ikimnyima usingizi.

Dada yake Onesmo aliolewa Geita mwaka ule wa tisini na tisa, Elieth akiwa hajamaliza arobaini ya uzazi. Hakuweza kwenda, hivyo akamtuma shoga yake Justa amwakilishe. Justa alirudi na maneno machache ajabu. "Harusi ilikuwa nzuri," alisema, macho kwenye zulia. Majuma kadhaa baadaye akaleta sidii ya video aliyoiagiza kwa mpiga picha wa harusi. "Ukipata nguvu utaangalia mwenyewe," akasema, na chai hakunywa.

Elieth aliangalia. Bibi harusi aliingia, keki ikakatwa, watu wakapeleka zawadi wakicheza. Kisha kamera ikageukia meza ya ukoo, na hapo Justa akaonekana ameinama mbele ya Onesmo, mkono wake umeshika shati la Onesmo kifuani. Picha ikaganda. Sauti ikabaki inarudia kipande kimoja cha muziki, ta-ta-ta-ta, na kipanya kikagoma kusogea. Elieth akazima, akawasha, akaanza toka mwanzo maana hakujua njia nyingine. Safari hii haikufika hata kwenye keki. Akaiacha mpaka kesho yake, ikafika tena pale pale: Justa na shati la mume wa mtu.

Basi akaanza kuunga mambo. Kwa nini Justa hakumtazama usoni? Kwa nini aliikimbia chai? Asubuhi aliamini Justa ameikwaruza sidii kusudi afiche kilichofuata. Jioni aliamini ameileta kusudi amringie. Mambo hayo mawili hayapikiki chungu kimoja, lakini mwenye wivu ana vyungu vingi, na Elieth alivibandika vyote.

Onesmo alikuwa akinunua dhahabu kwa wachimbaji wa Mwakitolyo, na nyumbani alionekana mwisho wa juma. Elieth alipomwambia video inaganda, alimwona akishusha pumzi.

"Achana nayo, Mama Gregory. Hizi sidii za kurudufu ni uchafu mtupu."

"Nitamwita fundi."

"Fundi wa nini? Harusi ilikuwa nzuri, umeshasikia."

Maneno yale yale ya Justa! Wamekubaliana hata cha kusema, Elieth aliwaza.

Ubatizo wa Gregory ulikuwa Jumapili iliyokuwa ikija, na mama wa ubatizo angekuwa Justa, ambaye alikuwa akimshonea mtoto gauni. Elieth alimsubiri getini, mtoto yuko kwenye titi.

"Gauni usihangaike nalo," akamwambia. "Gregory nimemtafutia mtu mwingine."

Justa alifungua mdomo. Akamtazama mtoto anavyonyonya, akaufunga. "Sawa, Mama Gregory," akasema, akaondoka. Kwa Elieth hilo lilikuwa kukiri kabisa.

Alikwishafunga nguo za mtoto kwenye begi. Akihakikisha, angerudi kwa baba yake Ushirombo. Ila asingeweza kwenda na picha iliyoganda. Wazee wangemuuliza: mkono ulishika shati, halafu? Hiyo "halafu" ndiyo aliyoitaka, hata kama ingemuua.

Akamwita Rushabh, mtoto wa Madhuben muuza vitenge, kijana aliyekuwa akitengeneza kompyuta nyuma ya duka la mama yake. Alimwita siku ambayo Onesmo yuko machimboni.

"Inakwama mahali pale pale kila mara, mama?" Rushabh aliuliza.

"Pale pale. Ila nikirudia haraka, inakwama mapema zaidi."

Rushabh akainua kichwa. "Mkwaruzo hauhami, mama. Sidii mbovu inakwama penye ubovu, urudie haraka usirudie."

Aliitoa sidii, akaielekeza dirishani, akaona alama za vidole tu. Akaifuta kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni. Elieth hakumwondolea macho. Nani ajuaye kama Onesmo hajapita dukani kumwambia cha kusema? Rushabh akatia sidii yake mwenyewe, ya nyimbo za Kihindi. Wacheza ngoma wakazunguka bustanini muda mrefu, kisha mmoja akaganda mguu ukiwa hewani, ta-ta-ta-ta.

"Unaona? Hii haijawahi kufika Geita."

Akaweka kiganja juu ya gauni la kufuma, akakiondoa upesi. "Mama! Hapa unaweza kuchemsha chai!" Akalivua gauni. Kwa nyuma, feni ilikuwa imefungwa na vumbi lililoshikana na nyuzi. "Hii mashine inapumua kwa huku. Umeifunika yote, na huu wanga hata moshi haupiti. Ikipata joto inaganda."

"Nimeifunika vumbi lisiingie."

"Vumbi limeingia. Hewa ndiyo imekosa njia."

Elieth aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka. Kumbe hakuna aliyekwaruza kitu. Ni mikono yake mwenyewe na sindano yake ya kufumia. Moyo ukamlainika, akaanza kutafuta maneno ya kumwomba Justa radhi, hata akamsikitikia Onesmo kwa kumnunia bure. Rushabh alisafisha feni, akaiacha mashine ipoe, akarudisha sidii ya Geita.

Keki ikakatwa. Zawadi zikaja. Mkono wa Justa ukashika shati, na video ikaendelea.

Mkono ule haukuwa wa kubembeleza. Ulikuwa unavuta. Justa alimtikisa Onesmo mpaka kifungo kikamruka, na kwa mkono wa pili akaonyesha mwisho wa meza. Muziki ulimeza maneno, lakini mdomo wake ulisomeka: Na Elieth je? Kamera ikafuata kidole. Katikati ya mama yake Onesmo na shangazi yake alikaa mwanamke kijana, amevaa sare ya wake wa ukoo, kitenge cha kijani chenye tausi. Ni kile ambacho Onesmo alimwambia Elieth kimekwisha dukani, asisikitike, kwanza haendi. Mama mkwe alikuwa akimrekebishia mwanamke yule kilemba. Onesmo akautoa mkono wa Justa shatini, akaenda kukaa karibu na kitenge kile.

"Ah, hicho kitenge chetu!" Rushabh akasema kwa furaha. "Baba Gregory alikuja mwenyewe kuchukua kipande cha mwisho." Akageuka, akamwona Elieth, akaanza kukunja waya ambao haukuhitaji kukunjwa.

Onesmo hakuwahi kuigusa sidii ile. Aliamini ni mbovu, akashukuru, akalala usingizi mzuri, na siri yake ikatunzwa na gauni alilofuma mkewe. Elieth alilitazama pale sakafuni na kulichukia kuliko mwanamke yule.

Alimfunga Gregory mgongoni, akatembea mpaka kwa Justa. Alimkuta uani anachambua mchicha. Justa alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu harusi.

"Imecheza?"

"Imecheza."

"Mayu wane, mama yangu," Justa akasema, akaacha mchicha ukamwagika. "Siku niliyorudi nilikuja kukuambia. Nikakukuta unanyonyesha. Mama yangu aliletewa habari kama hiyo akiwa mzazi, maziwa yakakauka, mdogo wangu akafa. Nikaona nikuletee sidii, utaitazama siku ukiwa na nguvu."

"Nilikudhania wewe."

"Nilijua, siku ile ya getini."

"Na hukujitetea!"

"Ningejitetea vipi bila kumtaja yule?"

Elieth alishindwa kuvumilia, akalia kwa sauti, na Gregory mgongoni akalia naye. Justa akamfungua mtoto, akampangusa uso kwa upande wa khanga yake. Mlangoni nyuma yake gauni jeupe la ubatizo lilining'inia kwenye msumari, limeshamalizwa hadi pindo.

"Utalia baadaye," akasema. "Kwanza mnyonyeshe."

Elieth akaketi juu ya kigoda, akatoa titi. Mtoto alilikamata, akavuta, akaliacha, akavuta tena. Wanawake wote wawili waliinamisha vichwa wakimtazama, wakisubiri maziwa. Kisha koo la Gregory likaanza kumeza.