Kiapo cha Fundi Metwalli juu ya Mkanda wa Usalama

Shemeji yangu Metwalli ana mdomo unaotangulia kichwa. Siku mkandarasi alipotuletea mikanda ya usalama, sisi wapaka rangi wa maghorofa tulikuwa mkahawani kwetu Sidi Bishr, hapa Iskandaria, tunakunywa chai. Metwalli akaunyanyua mkanda mmoja juu, kila mtu auone.

"Kitu hiki nakijua. Alikivaa punda wa marehemu babu yangu," akasema. "Angalieni! Mikanda ya mapajani, mikanda ya mabegani, kulabu mgongoni. Bado hatamu tu. Miaka yote nimening'inia juu ya mji huu kama popo, sijadondosha hata brashi. Jamani, shuhudieni: Insaf si mke wangu siku nitakayolivaa tandiko hili!"

Wacheza dhumna wakaacha vipande vyao hewani. Huyo Insaf ni dada yangu, tumbo moja.

"Metwalli," nikamwambia, "unamwacha dada yangu kwa ajili ya mkanda?"

"Sijamwacha, Ramzi. Nitamwacha nikiuvaa. Na siuvai. Sasa tatizo liko wapi?"

Tatizo lilikuwa Mhandisi Jihan, msimamizi wa usalama. Mwanamke mfupi, lakini sauti yake ni ya muadhini. Akinong'ona, ghorofa ya kumi wanamsikia. Asubuhi iliyofuata alisimama mlangoni mwa jengo tulilokuwa tunalipaka rangi, lile refu linalotazama bahari, akatangaza, "Asiye na mkanda hapandi. Hata kama ni fundi aliyezaliwa juu ya jukwaa."

Metwalli akageuza, akarudi nyumbani na brashi zake. Alimkuta dada yangu sebuleni anachambua mlenda. Habari za kiapo zilikwisha kumfikia, maana mtaani kwetu maneno hayapiti kwenye ngazi, yanaruka kutoka roshani hadi roshani.

"Karibu, bwana kulabu," Insaf akamwambia bila kuinua macho. "Kumbe ndoa yangu umeitundika kwenye kamba?"

"Insaf, yale yalikuwa maneno ya mkahawani."

"Basi nenda kalale mkahawani."

Hakulala mkahawani, lakini chakula chake kilianza kuwekwa mezani kama kinachowekewa paka: sahani inashushwa, mtu anaondoka. Metwalli alivumilia mpaka akakonda uso. Mwishowe ni Insaf mwenyewe aliyemshika mkono baada ya sala ya alasiri, wakaenda kwa Sheikh Bayumi. Mimi nilifuata nyuma, shahidi asiyeitwa.

Sheikh alisikiliza yote. "Hebu niambie kweli," akasema, "ulikusudia kumwacha mkeo?"

"Hasha, Sheikh! Nilikusudia kuuacha mkanda."

Sheikh alijifunika mdomo kwa mkono wa kanzu, mabega yakamcheza. Alipoushusha mkono alikuwa amekunja uso. "Hicho ni kiapo, si talaka, na kiapo kina kafara yake. Walishe masikini kumi, kisha kavae mkanda wako. Na siku nyingine ukitaka kuapa, apa kwa masharubu yako. Mwache mke wa watu apumzike."

"Mke wa watu!" Metwalli akashtuka.

"Wa kwako, ukimtunza," Sheikh akamjibu.

Siku ya pili Insaf akapika kushari, mchele na dengu na tambi, juu yake vitunguu vya kukaanga vilivyonukia mpaka mtaa wa nyuma. Metwalli aliibeba sinia mwenyewe kichwani hadi penye lango la msikiti. Kila aliyemuuliza, "Kheri, Fundi? Mmepata mtoto?" alijibiwa neno moja tu: "Mkanda." Watu wakala, wakamwombea dua, na mzee mmoja muuza ubani akamwambia kama ana kiapo kingine asisahau kumwita.

Basi Metwalli akavaa. Alitembea kama bata aliyeshiba. "Unanibana mahali nisipoweza kupataja mbele za watu," akalalamika. Mhandisi Jihan akamkaza zaidi, akamgeuza huku na huku, akatuonyesha sote: kamba fupi inayotoka mgongoni inashikwa kwenye kamba kuu, na kamba kuu hiyo imefungwa darini, juu ya paa, mbali kabisa na nyaya zinazolining'iniza jukwaa letu la kupakia rangi. Kwenye kamba fupi kuna kifuko chenye utepe ulioshonwa makunjo. Mtu akianguka, mishono inafumuka na kupunguza kishindo cha kuanguka. Na kiunoni kuna kipochi chenye vitanzi vya kukanyagia miguu. Wakati vinaelezwa vitanzi, Metwalli alikuwa anapiga miayo.

Tulifanya kazi hivyo kwa raha tu, mpaka asubuhi ile ya upepo mwanana, tukiwa ghorofa ya nane. Nilikuwa namsimulia Metwalli jambo, nikasikia mlio wa chuma upande wake. Breki ya winchi, mashine inayopandisha na kushusha jukwaa, iliteleza. Jukwaa likainama upande mmoja kama sinia iliyoponyoka mkononi. Ndoo zikaenda. Mimi niliikumbatia reli ya jukwaa kwa mikono na miguu. Metwalli hakupata cha kukumbatia. Alinipita, macho yametoka, akaenda zake chini.

Nikasikia kitu kinachanika, kraaaa.

"Metwalli!" nikapiga kelele. "Metwalli!"

"Niko," sauti ikatoka chini yangu, ndogo kama ya mtoto. "Ramzi, niko."

Alikuwa ananing'inia mbele ya dirisha la jiko, hajagusa ukuta, amepakwa rangi ya maziwa kuanzia kofia hadi viatu. Dirisha likafunguka, akatokeza Bi Hajja Sharbat, mwenye nyumba, na kijiko cha mbao mkononi.

"Wee! Unachungulia nini jikoni kwangu? Mimi niko bila mtandio!"

"Samahani, Bi Hajja. Nimeanguka."

"Kaanguke kwa jirani!" Akafunga dirisha. Halafu nadhani akili ikamfikia, maana lilifunguka tena kwa kishindo, safari hii amejitanda kitambaa cha kufutia vyombo. "Ewe Mola! Umeanguka? Kutoka wapi?"

Darini, sauti ya Mhandisi Jihan ilinguruma. "Metwalli! Usikae kama nguo iliyoanikwa! Damu itakwama miguuni! Toa vitanzi!"

"Vitanzi gani?"

"Kiunoni!" nikamwambia kutoka juu. "Kipochi cha kiunoni! Kanyaga!"

Alikipata kipochi, akashusha vitanzi, akaingiza mguu mmoja na wa pili, akasimama ndani yake. Nikamwona anavuta pumzi.

"Sasa chezesha miguu!" Jihan akaamuru. "Kama unaendesha baiskeli!"

Kufikia hapo roshani zote za mtaa zimejaa. Metwalli akaanza kuchezesha miguu hewani, rangi inamchuruzika, na kule chini muuza samaki akaweka kapu lake, akaanza kupiga makofi. Mtaa mzima ukamfuata. "Endesha, Fundi, endesha!" Mwanamke mmoja kutoka jengo la pili akauliza anaelekea wapi, Kairo au Tanta. Metwalli akamjibu, "Nyumbani kwa Insaf!" watu wakapiga vigelegele.

Jihan alishuka ngazi mbio na mafundi wawili, wakaingia jikoni kwa Bi Hajja. Kwanza walifunga kamba kwenye nguzo ya zege, wakaipitisha dirishani na kuinasa kwenye pete ya mkanda kifuani mwa Metwalli. Kisha Bi Hajja akamvuta kwa mpini wa ufagio, wao wakamdaka, wakamkalisha kizingitini. Hapo ndipo ile kamba ya mgongoni ilipolegea, Jihan akaifungua, na shemeji yangu akaingia jikoni kwa makalio, moja kwa moja kwenye beseni la kabichi.

Mimi nilitolewa baadaye kwa njia hiyohiyo, nikamkuta amekalishwa sakafuni. Jihan anampapasa miguu na kumuuliza anahisi nini. Bi Hajja anamuuliza amekula nini. Mara Insaf akaingia, hana hata viatu. Alisimama mlangoni akimtazama mumewe aliyekuwa mweupe kama jibini kwa rangi.

"Umevunjika?"

"Hapana."

"Popote?"

"Hapana, Insaf."

Akamwendea, akampiga kofi la begani, kisha akajitupa shingoni mwake akalia mpaka rangi yote ikamhamia yeye. Metwalli naye alilia, waziwazi, mbele ya mafundi. Hakuna aliyemcheka. Bi Hajja aligeukia sufuria zake, akawa anakoroga kitu kisichohitaji kukorogwa.

Daktari alimpima, akasema ni michubuko ya mapaja tu. Jioni hiyo Metwalli alitaka apewe ule mkanda autundike sebuleni. Jihan alikataa. Mkanda uliokwisha kumdaka mtu hauvaliwi tena wala hauachwi ukamdanganya mwingine, akasema, akaukatakata kwa mkasi mbele yetu. Metwalli aliangalia vipande vikidondoka kama anayemzika ndugu.

Alikaa nyumbani wiki nzima. Siku aliyorudi, winchi ilikuwa mpya, jukwaa limekaguliwa, na bado nilimwona pale darini amesimama mbali na ukingo. Alivaa mkanda mpya, akanipa mgongo nimkaze, akajaribu kulabu mara nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu. Kisha akaujaribu wa kwangu.

"Uko tayari, shemeji?" nikamuuliza.

"Hapana," akasema. "Tushuke."

Tukaingia jukwaani, likaanza kutushusha. Bahari ilikuwa shwari, na tulipofika ghorofa ya kumi akaanza kuimba, vibaya mno, mpaka watu wakafunga madirisha.