Kitalu cha Viazi Vyeupe

"Beba bomba la dawa," msimamizi alimwambia Mama Pacha kabla hajamaliza kuvaa mabuti. "Kitalu cha viazi vyeupe. Majani yaliyojikunja uyachume ukayafukie, halafu pulizia. Vingine viache."

Mama Pacha alikuwa kibarua katika shamba hilo la majaribio. Msimu mzima hawakutia dawa. Aina zote ziliachiwa wadudu, ionekane ipi itawahimili. Vile vyekundu vilisimama imara. Vyeupe, mbegu ya kampuni iliyofadhili jaribio, vilijaa vidukari hadi kwenye shina.

"Bosi, si hayo madhara ya wadudu ndiyo wakulima wanayokuja kuona leo?"

"Unalipwa kufikiri au kufanya kazi?"

"Kufanya kazi. Ila hiyo siifanyi."

Msimamizi akasonya, akalibeba bomba mwenyewe, suruali yake ya kupokelea wageni ikalowa mpaka magotini.

Mchana wakulima walizunguka vitaluni. Wifi yake Mama Pacha alikuwa miongoni mwao. Msimu uliopita vidukari walimkaushia shamba lote. Safari hii alitaka mbegu ya kumwokoa.

"Hivi vyeupe," msimamizi alitamba, "wadudu wakisikia jina tu wanahama!"

Watu wakacheka. Wifi akaguna kwa kuridhika.

"Wifi," Mama Pacha alipaza sauti, "chuma jani unuse."

"Wewe, rudi kwenye jembe lako!"

Lakini wifi alikwishachuma. Akanusa, akakunja uso. "Mbona dawa tupu?" Mzee mmoja naye akachuma, kisha wengine. Kicheko kikakatika.

"Kibarua chako kimeota nyasi!" msimamizi alifoka. "Na mabuti ni mali ya shamba, vua!"

Akayavua palepale, akatoka peku. Wifi akamfuata, na wanawake kadhaa. Wengi walibaki, macho chini. Ushirika wao ulikuwa ukikopesha mbegu nyeupe tu, na magunia yake yalishapakiwa kwenye lori.

Nje ya geti mlinzi alimnong'oneza Mama Pacha, "Nenda nyumbani, dada. Usinitafutie balaa."

"Geti ni lako, kaka. Barabara je?"

Mlinzi akarudi ndani ya geti.

Basi la kundi la pili la wakulima lilikuwa likipanda kilima. Mama Pacha alifunga khanga kiunoni, akasimama katikati ya njia, akanyoosha mkono.