Sauti Iliyomtangulia Kuamka

Siku ile mjinga alikuwa Tarlochan mwenyewe, tusimsingizie mtu. Bosi alimuuliza swali dogo, naye akamwaga ukweli wote. Mtu mzima aliyezeekea gereji za Kiwalani alipaswa kujua kwamba bosi hapewi ukweli wote. Anapewa wa kumtosha.

Mambo yenyewe yalianza Jumatatu moja ya masika, nyumbani Chang'ombe, simu ilipolia kumwamsha saa kumi alfajiri. Kawaida Tarlochan Singh aliamka, akaoga maji ya baridi, akafunga kilemba, akakaa mkekani na kusoma Japji, sala ya asubuhi ya Kalasinga, kwa sauti, mpaka mwisho. Aliapa hivyo hekaluni mbele ya waumini wenzake. Ila gereji ya malori alikokuwa fundi mkuu haikuhudhuria kiapo hicho. Ilimwachia usiku wa manane, maana malori ya Tunduma hayasubiri mtu. Siku nyingine alisali huku paji la uso likigonga goti. Siku moja alizinduka katikati ya sala akajikuta anamwomba Mungu filta ya dizeli.

Jumatatu hiyo mwili uligoma. Sauti ikaamka peke yake.

Kuldip, mkewe, aliisikia ikipita ukumbini, ikikohoa, ikisukutua bafuni. Kisha ikatua mkekani na kuanza kusoma, taratibu, bila kuruka neno. Chumbani mumewe alikuwa anakoroma bila mlio, mdomo wazi, kifua kikipanda na kushuka. Kuldip akaenda kuchemsha chai.

Bi Wahiba, jirani wa ukuta mmoja, alikuwa anatawadha kwa ajili ya swala yake. Akagonga ukuta.

"Leo umesoma vizuri, Singa. Hujapiga mwayo hata mmoja."

"Asante, Bi Wahiba. Shikamoo," ikajibu sauti.

"Marahaba, mwanangu."

Tarlochan aliamka jua limeshatoka, akafungua mdomo kuuliza suruali yake iko wapi. Hakikutoka kitu.

"Bado inasoma," Kuldip alimwambia. "Ina viporo vya sala vya miaka yote uliyosinzia. Wewe nenda tu, itakukuta kazini."

Kazini walikuwa wanashusha injini kwa winchi. Tarlochan alielekeza kwa mikono, lakini Kasiani, aliyeshika mnyororo, alikuwa ameangalia juu kwenye ndoano. Injini ikatua pembeni kidogo tu ya mguu wake.

"We Singa, umenuna nini? Si useme!"

"Pandisha, Kasiani! Pandisha!" Sauti ilikuwa ndiyo kwanza inaingia getini.

"Ndo inafika saa hizi? Imelala wapi?"

"Nilikuwa nasali," ikasema sauti, ikaingia mdomoni mwa mwenyewe.

"Haya. Kesho iwahi bwana, mie mguu wangu hauna spea."

Ikawa hivyo kila siku. Tarlochan akanenepa mashavu, macho yakamtakata, mafundi wakamtania kwamba ameoa mke wa pili anayejua kupika. Usingizi ulimtosha. Kilichopotea ni utulivu. Aliamka na hisia kwamba nyumbani kwake kulikuwa na karamu na yeye peke yake hakualikwa. Alishinda akizungukazunguka gereji, akishika spana na kuiacha, akifungua boneti asiyoijua shida yake. Usiku alijifunga kamba mguuni, ncha nyingine akaifunga kwenye mlango, ili sauti ikitoka imwamshe. Sauti ikapita tundu la ufunguo.

"Inakusalia vizuri," Kuldip alimfariji.

"Niliyeapa ni mimi."

Ndipo akaenda ofisini kwa bosi Theonest. Alichokitaka ni kuachiwa mapema jioni, alale, ili alfajiri aamke pamoja na sauti yake, wakae mkeka mmoja. Theonest alimsikiliza vizuri tu, akageuza kiti, akauliza:

"Kwani hiyo sauti yako huwa inachoka?"

"Haichoki, bosi!" Tarlochan akajibu kwa majivuno, kama anamsifia mtoto aliyefaulu. "Hailali kabisa. Tangu masika haijasinzia hata mara moja."

Theonest akaitikia kwa kichwa, kwa heshima.

"Basi zamu ya usiku ni yake. Vijana wa usiku wanakosa mtu wa kuwaelekeza. Wewe utaingia asubuhi, yenyewe itakuwa haitoki hapa gereji."

"Bosi, alfajiri inasali."

"Isali hapahapa, injini zikiwa zinapoa."

"Bosi, mimi saa zangu zote unazo. Hiyo moja ya alfajiri haikuwahi kuwa ya gereji. Sauti ninayosalia sikuileta kuomba kazi hapa."

Theonest alikuwa ameshanyanyua simu kuwapa taarifa vijana wa usiku. Akaifunika kwa kiganja.

"Siku nakuajiri ulikuja mzima, Singa. Hukuniambia kuna kipande umekiacha nyumbani."