Bastola Chini ya Kitenge

Bastola tano zilikuwa zimelazwa juu ya kitambaa cheusi, na shemeji yangu Wilbard alikuwa amekwisha kunichagulia iliyo kubwa kuliko zote. Hakuna aliyemwuliza. Aliinyooshea kidole kama mtu anayechagua jogoo wa kuchinjwa, akasema, "Hii hapa, shemeji. Mwizi akiiona tu, anaacha viatu mlangoni."

"Na akiiona, itakuwa nimeificha wapi?" nikamwuliza.

Wilbard ni mdogo wa mume wangu Gervas, fundi wa kufunga nondo, anayeishi mtaa wa Discovery Gardens, Dubai, katika chumba chenye watu wengi kuliko vitanda. Anao ule ugonjwa tunaotaniwa nao sisi Wahaya popote tuendapo, kwamba kitu kikiwa kikubwa basi ndicho kizuri. Nampenda sana. Lakini siku ile sikuwa nimekuja kufurahisha macho. Nilikuja kuchagua bastola nitakayoivaa mwilini kila siku ya Mungu nikiwa kaunta, na nilikuwa nimeazimia kutotoka mle ndani bila kuijua.

Watu hudhani Dubai kila kitu kinauzwa. Ile ilikuwa klabu ya kulenga shabaha, bastola hazikuuzwa, na mimi, mfanyakazi wa ndani wa mtaa wa Mirdif, nisingethubutu kutoka hata na ganda la risasi mfukoni. Unalipia muda wako, unalenga shabaha ya karatasi chini ya macho ya mwalimu, kisha silaha unaiacha pale pale. Hilo ndilo nililolitaka. Nyumbani muuzaji atakutolea bastola kwenye kabati la kioo, utaishika, utaipenda, utailipia, na kuifyatua kutakuwa mbele ya safari. Maombi yangu ya kibali yalikuwa bado polisi. Wakiyakubali, nilitaka niwe najua ninachokwenda kununua. Hata kiatu watu hukijaribu kwanza.

Sababu yangu ni mkono wa Gervas. Mwaka uliopita, mchana kweupe, majambazi waliingia dukani kwetu Kamachumu, tunapouza vifaa vya ujenzi na kufanya uwakala wa pesa za simu, wakamkata mkono wa kulia kwa panga. Mkono ulishonwa, upo, ila vidole havikunjiki tena. Hawezi kushika kalamu, seuze silaha. Waliomkata hawajakamatwa. Duka lile ndilo linalosomesha watoto wetu na ndilo linalomlisha mama mkwe, na mkataba wangu kwa madam, mwajiri wangu wa Dubai, ulikuwa unakwisha mwezi uliofuata. Atakayekaa nyuma ya kaunta ile ni mimi. Nilikuwa na hasira ya kunitoa jasho, na hofu pia, lakini hofu sikumwonyesha mtu.

Mwalimu wetu aliitwa Sharifah, Mganda wa Masaka, aliyewahi kulinda benki Kampala kabla ya kuja huku. Alikuwa mwembamba, hijabu yake imebanwa barabara, na sauti yake haikuwa na haja ya kupanda. Kwanza hakunipa silaha. Aliushika mkono wangu, akaupima kiganja kwa kiganja chake, akavikunja vidole vyangu kimoja kimoja.

"Mkono mdogo, lakini una nguvu," akasema. "Nyabo, mama, unafanya kazi gani?"

"Kazi za ndani."

"Basi hii ni nguvu ya kukamua mazulia. Hiyo ni nguvu nzuri." Akamgeukia Wilbard. "Na wewe, ssebo, bwana, nenda nyuma ya ule mstari. Khalas, imetosha. Huyu ndiye atakayebeba."

Akanianzisha na ile kubwa, nadhani ili Wilbard aone kwa macho yake. Nilipofyatua, ilinirushia mikono juu mpaka nikafumba macho, na karatasi kule mbele ikabaki safi kama ilivyotoka kiwandani. Akanipa ndogo kuliko zote, ile ambayo Wilbard aliiita ya kuchezea watoto. Nikaifurahia, maana niliona ingejificha hata kwenye kiganja. Kumbe ndogo nayo ina kisirani. Haina mpini wa kutosha kushikwa, ikanirukia mkononi vibaya kuliko dada yake, na risasi ikaenda kutoboa pembe ya karatasi.

"Ndogo ni rahisi kuficha, ngumu kulenga," akasema Sharifah. "Kubwa ni rahisi kulenga, ngumu kuficha. Hakuna isiyo na ugonjwa. Unachagua ugonjwa utakaouweza."

Ya tatu ilikuwa ya silinda, ile ya kuzunguka, na kifyatulio chake kilikuwa kizito mno kwa kidole changu. Ya nne ilikuwa ya wastani, nyeusi, bapa, haina sura ya kutisha mtu. Niliposhika mpini wake, kidole changu cha mwisho kilipata pa kukaa. Nikaikoki bila kuhangaika. Sharifah akasimama begani pangu, akaniambia nisikivute kifyatulio kwa pupa, nikikaze polepole mpaka mlio wenyewe unishtue. Nikavuta pumzi, nikaiachia nusu. Mlio ukaja, na tundu likatokea karibu kabisa na katikati.

Nikapiga tena. Na tena. Matundu yakawa yanakaribiana kama watu wanaoteta.

Nitalisema lilivyo: nilifurahi. Sikutegemea kufurahi. Miaka yangu yote Dubai nilikuwa nikifuta alama za vidole vya wengine kwenye vioo, na hapa palikuwa na karatasi yenye alama zangu mwenyewe, pale nilipotaka ziwe. Wilbard alipiga makofi nyuma ya mstari, akasahau kabisa jogoo wake. Mimi nikajiona nimekwisha kufika. Nikafikiri kazi ya kuchagua imeisha, tulipe, twende zetu.

"Bado," akasema Sharifah. "Kulenga ni kazi ya dakika moja, Mungu apishe mbali. Kuibeba ni kazi ya kutwa. Yalla, haya, kavae ile nguo."

Alikuwa amemwagiza Wilbard kwa simu kwamba nije na nguo nitakazovaa dukani, si za Dubai. Nikaingia chumba cha kubadilishia, nikavaa gauni langu la kitenge, pana kidogo, lile ambalo kila mama wa duka kwetu analo. Sharifah akanifunga mkanda mpana wa kitambaa tumboni, ndani ya gauni, na kwenye mfuko wa mkanda akachomeka bastola ya mpira yenye umbo na uzito wa ile niliyoipenda. Nguo ikateremka juu yake. Nikajitazama kwenye kioo, nikaona mama wa duka tu.

"Sasa ishi," akasema. "Fanya unayofanya kila siku dukani, mimi nakutazama."

Nikaanza kucheza duka, na Wilbard akawa mteja. Nikapanda kibao kuteremsha kopo la rangi la kujifanya, nikapima misumari isiyokuwapo, nikainama kuokota kifuniko cha chupa. Nikakaa, nikasimama. Bastola ilitulia. Sharifah alinionyesha jinsi ya kuinama kwa magoti na si kwa kiuno, nikaweza. Wilbard akaanza kubishana nami bei ya saruji mpaka tukacheka wote.

"Asubuhi huwa nani wa kwanza kuja dukani?" akauliza Sharifah.

"Mama mkwe," nikasema. "Anakaa nyumba ya nyuma. Kila asubuhi anapitia dukani."

"Basi tuseme amekuja."

Wala sikufikiri. Mwili ulikwenda wenyewe, kama ulivyokwenda kila asubuhi tangu niolewe hadi nilipokuja Dubai. Nikapiga goti kumsalimia. Bastola ikapanda, ikanichoma chini ya ubavu mpaka pumzi ikanikatika, na mpini wake ukajichora juu ya kitenge, wazi kabisa, hata kipofu angeuona. Nikabaki pale chini nimejishika tumbo.

Sharifah hakuuliza ninafanya nini. Huko kwao nako wanawake hupiga magoti. Alichuchumaa mbele yangu, akasema kwa sauti ya chini, "Banange, jamani. Hili sikulifikiria."

Tukajaribu. Akausogeza mkanda nyuma, nikipiga goti nundu ikatokea mgongoni. Akaushusha pajani, goti halikukunjika. Akanipa ile ndogo, ikajificha vizuri sana, lakini wote wawili tulikuwa tumeona inavyolenga.

"Si aiweke kwenye droo ya kaunta?" akasema Wilbard.

"Droo ndiyo ya kwanza kufunguliwa na mwizi," akajibu Sharifah. "Na watoto je?"

"Basi awe anaivua akisikia mama anakuja."

"Na mwizi naye atasubiri avae?"

Nikamwuliza Sharifah yeye alifanyaje alipokuwa mlinzi. Akasema kazini alikuwa na sare, akisalimia wazee amesimama, na hakuna aliyenuna, maana sare ndiyo iliyokuwa imesimama. Jioni aliirudisha bunduki ghalani, akaenda kwao, akapiga magoti yake kama binti wa watu. "Lakini wewe kazini na nyumbani ni mlango mmoja," akasema. "Hapo mimi sina la kukufundisha."

Nikakaa kwenye benchi. Ndipo nilipolikumbuka jambo ambalo Gervas alinisimulia mara moja tu, akiwa bado wodini, na hakulirudia tena. Kijana wa kwanza kati ya majambazi wale hakuingia na panga mkononi. Aliingia akasalimia. Alisalimia kama mtoto aliyelelewa, akanyoosha mkono juu ya kaunta, na Gervas akampa wake. Kijana akaushika, akauvuta, akaukandamiza pale pale kwenye mbao, na mwenzake akatokea nyuma yake. Mume wangu alikatwa mkono wa salamu. Kwa muda wote ule nilikuwa nimeyatia mawazo yangu kwenye risasi na shabaha, kumbe hatari ilikuwa imepita mlango mwingine, mlango ambao kwetu hakuna anayeufunga.

Sikupata kuona goti langu kuwa utumwa. Nasema hivyo kwa sababu wapo watakaosema mimi, Paskazia, nilikuwa nikitafuta kisingizio. Nilipenda kupiga goti. Tangu niolewe, mama mkwe hakuwahi kunisimanga mbele ya watu, na goti lile la asubuhi lilikuwa njia yangu ya kumlipa. Kila nilipoinuka, aliniwekea mkono kichwani kidogo, halafu siku ikaanza. Nililia pale kwenye benchi. Wale vijana walikwisha kuchukua mkono wa mume wangu, na sasa nilikuwa nikiona wanachukua na kitu changu ambacho hata hawakujua kwamba kipo.

Sharifah alinipa maji. Nikanywa, nikajifuta uso, nikamwambia, "Nikirudi nitanunua kama ile ya nne."

"Na goti?"

"Nitasalimia nimesimama."

Wilbard, ambaye tangu asubuhi alikuwa akisifia bastola kubwa, ndiye aliyeshtuka. "Shemeji! Umsalimie mama umesimama? Watasema Uarabuni kumekuharibu. Watasema umerudi na pesa na kiburi."

"Watasema."

"Mama ataumia."

"Najua. Ndiyo maana nitamwambia mwenyewe, leo, kabla midomo ya watu haijamfikia."

"Ungoje basi ufike nyumbani, inshallah, mkae mzungumze."

"Nikifika nyumbani nitapiga goti," nikasema. "Najijua. Nikipiga la kwanza, la pili halitanishinda, na bastola nitaiweka kwenye droo."

Tulitoka tukakaa ukumbi wa mapokezi, penye kiyoyozi na viti vya ngozi. Nilikuwa bado na kitenge changu. Nikapiga simu ya video. Gervas alipokea kwa mkono wa kushoto, picha ikayumba, nikaona dari, kisha uso wake. Nikamwambia nimepata bastola inayonifaa, na kwamba namtaka mama. Alikuwa karibu, akichambua maharage kwenye ungo. Gervas akamshikia simu.

Hata kwenye simu huwa nainamisha macho nikizungumza naye. Nikayainamisha, nikamweleza yote. Nilimweleza habari ya mkanda, jinsi bastola inavyopanda nikipiga goti, na jinsi inavyoonekana. Nikamwambia simvunjii heshima, na kwamba kama kungekuwa na njia nyingine ningeishika. Nikamwambia kwamba nikirudi sitapiga tena goti dukani, si kwake wala kwa mzee yeyote, na kwamba nimeona aibu kumwambia lakini nimeona aibu zaidi kumficha.

Nilisikia maharage yakidondoka kwenye ungo, kisha yakaacha kudondoka. Wilbard pembeni yangu alikuwa akisoma ukuta usio na maandishi.

"Uko wapi?" mama akauliza hatimaye.

"Nimekaa, mama. Nipo na Wilbard."

"Simama nikuone."

Nikampa Wilbard simu. Akarudi nyuma hatua chache, anipate mzima kwenye picha. Nikasimama. Magoti yaliniuma kwa kutokujua la kufanya, nikayakaza.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Kwenye kile kioo kidogo niliona amesogeza uso karibu, amekunja macho, ananitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha anarudi juu taratibu.

"Rudia," akasema. "Na macho usiyashushe. Mlinda duka hatazami chini."

Nikayainua, nikarudia.