Kigoda Kwenye Njia ya Chemchemi

Tupokigwe alisikia mlio wa msumeno wa mashine akiwa anapalilia migomba, akatupa jembe. Ulitoka chemchemini, kwenye mikuyu waliyoipanda wao wenyewe, yeye na akina mama wenzake wa Masukulu, kila Jumamosi, bila posho wala fulana ya mradi, mpaka maji yaliyokuwa yamekauka yakarudi. Leo mtu anaikata achomee matofali!

Na mtu mwenyewe ni nani? Mzee Ackson, baba mkwe wake.

Aliwakuta wenzake wamesimama mbali, mikono kichwani. Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda katikati ya njia, fundi aliyemkodi akikata miti nyuma yake, na hapo ndipo hasira ilipomkaba Tupokigwe. Kwa Wanyakyusa, mkamwana hamtazami baba mkwe wala hataji jina lake. Akimwona njiani hujifunika kanga na kukimbilia migombani. Tangu aolewe alikuwa ameitunza heshima hiyo. Leo mzee ameigeuza uzio! Alijua fika kwamba anayewaongoza akina mama ni mkwewe, akakaa pale makusudi ili asipite.

"Tumemsihi, hasikii," mmoja wao, Neema, alisema. "Eti eneo ni lake. Mwenyekiti wa kijiji naye anasema hayo ni mambo ya ukoo."

"Na maji tunayokunywa wote ni ya ukoo?"

Mkuyu mmoja ulianguka kwa kishindo.

Tupokigwe alivua kanga kichwani, akaifunga kiunoni. Akawapita wenzake. Akasimama mbele ya kigoda, akamkazia mzee macho.

"Ackson!" alisema. "Ondoa mashine yako hapa."

Nyuma yake akina mama waliguna kwa mshtuko. Fundi mwenyewe alizima msumeno. Mzee alijifunika uso kwa koti, akainuka na kuondoka, kigoda akakiacha. Fundi naye akabeba mashine yake akamfuata, maana nani angeendelea kukata mbele ya aibu ile?

Jioni alikuja Jotham, mumewe.

"Mama anataka kuku wa kuomba radhi," alisema, akitazama pembeni.

Tupokigwe alikuwa amepiga magoti kando ya kisiki, akishindilia udongo kwenye mche mpya.

"Nitampeleka. Nimevunja heshima, najua." Akapigapiga kile kisiki kibichi kwa kiganja. "Na baba yako, radhi ya mkuyu huu atakuja kuiomba lini?"